Kichuguu cha Kupandia Kinga

Kamina yote inanijua. Nilianza kwa kuziba pancha kando ya ukuta wa gare, kituo cha treni, sina meza, sina kivuli, nina pampu ya mkono tu. Shule yangu iliishia darasa la pili. Lakini siku ninayoisimulia hapa nilikuwa tayari na duka langu la vipande vya kinga, na mtu aliyekatikiwa mnyororo hata huko Bukama aliambiwa: mpelekee yule.

Kinga ni baiskeli, kama msomaji wa mbali hajui. Na katika kinga zote zilizopita mikononi mwangu, moja ndiyo iliyonitoa chini: nyeusi, ya kiume, chuma cha katikati kinene, taa mbele. Hakuna aliyeigusa. Bibi yangu, mama wa watoto wangu, aliipangusa vumbi tu.

Basi, enzi zile za Zaire, wake za askari wa bazi, ile kambi kubwa ya jeshi nje ya mji, walipanga sikukuu yao. Ndani yake kulikuwa na mashindano ya wanawake ya mambo matatu kwa mfululizo: kuogelea kwenye pisini iliyoachwa na Wabelgiji humo kambini, kuzunguka kwa kinga uwanja wa ndege ulio kando yake, kisha kumalizia kwa mbio za miguu. Habari ililetwa dukani na askari mmoja mwenye cheo cha ajida, aliyekuja kuziba mpira.

"Banamuke ba mujini banakaribishwa," alisema. "Lakini batakuja kufanya nini? Bale banajua tu kupima bunga."

"Bibi yangu atakuja," nikajibu.

Sikuwa nimemuuliza. Mimi ni mtu wa namna hiyo: neno linatoka kwanza, kazi inafuata. Yeye alikuwa amekaa kizingitini akifunga mafungu ya samaki wakavu. Kila wiki aliwabeba kichwani mpaka bazi, akitoka kabla ya jua, akirudi shingo imekufa. Hakuinua uso.

"Na nikimaliza?"

"Ukimaliza, ile kinga yangu nyeusi njo yako."

Duka zima likacheka.

"Baba, urudilie tena," akasema, "bantu basikie."

Nikarudilia. Kwa nini nisirudilie? Mwanamke hajawahi kukanyaga hata pedali!

Kuogelea hakuhitaji mwalimu. Alizaliwa kando ya Lualaba, upande wa Malemba-Nkulu, ambako mtoto anajua maji kabla ya kujua chumvi. Kukimbia pia, anayekimbizana na treni na beseni la mihogo kichwani anafundishwa nini tena? Mlima ulikuwa kinga. Mguu haukuvuka chuma cha katikati, kikwembe, kitenge cha kiunoni, kilimfunga, na suruali kwa mwanamke serikali ya wakati ule haikutaka kuiona. Dawa nikaipata mimi. Nyuma ya parseli yetu, kiwanja cha nyumba, kulikuwa na kichuguu kikubwa kama banda la mbuzi. Niliegemeza kinga pale, yeye akapanda kichuguu, akateremkia kitini kama malkia, akajisukuma kwa mguu. Jioni baada ya jioni. Alianguka kwenye mihogo yetu, akaanguka kwenye mihogo ya jirani, mwisho akawa anazunguka nyumba huku akinitania kwa Kiluba. Mwalimu gani mwenye diploma angewaza kichuguu?

Siku yenyewe nikavaa abakosti yangu ya kijivu, ile suti isiyo na tai ya wakubwa wa Zaire. Wanaume tuliwekwa nyuma ya kamba. Mwamuzi alikuwa yule yule ajida.

"Mukono ya mwanaume isiguse muntu, isiguse kinga!" akatangaza.

Bibi yangu akaruka majini, kikwembe amekikunja kati ya miguu kama wanavyofunga wanawake wavuvi. Akatoka wa kwanza. Wa kwanza! Wake za askari walikuwa bado wameshika ukingo wa pisini wakikohoa.

"Munaona? Ule njo wangu!" nikapiga kelele.

Akafika kwenye kinga, akasimama. Akatazama kushoto, akatazama kulia. Nami nikatazama. Katanga nzima imejaa vichuguu, lakini pale uwanja wa ndege mashine zilisawazisha kila kitu. Hata kimoja hakikuwepo.

Akainua mguu, kikwembe kilicholowa kikauvuta chini. Kinga ikamwangukia. Mmoja mmoja wenzake wakatoka majini, wakapanda kinga zao za kike, wakampita. Watu wakaanza kucheka.

"Mama, uipe samaki, itapiga magoti!" mmoja akapaza sauti.

Hakulia. Akaisukuma kinga mpaka kwenye kamba, mbele yangu, maji yakimtiririka usoni.

"Baba, kichuguu iko wapi?"

Ningenyamaza tu, kinga ingerudi nyumbani ikiwa yangu. Lakini yule aliyekuwa akichekwa ni wangu pia. Nikapiga magoti palepale, na abakosti yangu, viganja juu ya udongo, mgongo chini ya kamba.

"Sitwayeni!" ajida akafoka, yaani mwananchi, ndivyo tulivyoitwa enzi zile. "Nilisema mukono!"

"Mukono yangu iko chini, shefu. Angalia. Iko inashika udongo ya Zaire."

"Na mugongo?"

"Mugongo, haukusema."

Akajikaza asicheke, akashindwa.

"Inama muzuri, baba," bibi yangu akasema juu yangu. "Uko unatikisika."

Mguu wake ulikuwa wa baridi. Akapanda, akakaa, akajisukuma kwa teke moja mbavuni mwangu, akaenda. Alizunguka uwanja mzima. Kushuka bila kichuguu sikumfundisha, basi akaiingiza kinga nyasini, ikaanguka naye, akainuka anakimbia. Karibu na mstari wa mwisho akawapita wawili walioshiba kupita kiasi. Hakuwa wa kwanza, hakuwa wa mwisho. Alimaliza.

Nilirudi mjini na alama ya unyayo mgongoni, nikipita polepole ili kila mtu aione.

Toka siku ile samaki walikwenda bazi wamefungwa nyuma ya kinga nyeusi, na mimi nikawa natembea. Kichuguu kilibaki nyuma ya nyumba, hatua chache tu, lakini hakukirudia tena. Kila safari aliileta kinga mbele ya duka, wateja wamejaa, akaniita:

"Baba, kuya uiname."

"Tajiri kama weye?" wakaniuliza.

Nikawajibu nikiwa chini, wasikie vizuri: watafute Kamina yote kama kuna mgongo mwingine unaoijua kazi hii.