Mabingwa wa Kochi

Kama kuna kitu kilichomtia kichefuchefu yule fundi makochi kuliko sponji kuukuu iliyokojolewa na watoto wa watu kwa miaka kumi, basi ni sauti za ndugu zake wawili wakibishana juu ya mpira wa kikapu. Sponji angalau unaing'oa, unaitupa nje, unafungua dirisha, kazi imekwisha. Kaka mtu na mdogo mtu walikuwa hawatupiki.

Walikuja karakana kila siku mchana, utadhani wameajiriwa. Mkubwa alikuwa karani wa bima, mdogo fundi simu mtaa wa pili, na wote wawili walikuwa na mapumziko ya saa moja ambayo yalirefuka mpaka saa tatu. Wakifika hawamuulizi mtu hali. Wanajitupa kwenye kochi la mteja, lile lililokwisha kushonwa linasubiri kuchukuliwa, wanalikalia na suruali zao za vumbi, wanaanza. Mkubwa alikuwa wa Jordan. Kwake yeye dunia iliumbwa, Jordan akaingia fainali sita, akachukua ubingwa mara sita, na tangu hapo dunia inaendelea kwa mazoea tu. Mdogo alikuwa wa LeBron, na ukimgusia hizo fainali sita anakuuliza, haya, nani amefunga pointi nyingi kuliko wote tangu ligi ianze? Hapo povu linawatoka. Mtaa mzima uliwajua kwa majina waliyobandikana wenyewe, mkubwa Sita, mdogo Mfalme, na hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kudunda mpira mara tatu bila kuupoteza.

Karakana aliianzisha marehemu baba yao, na ufundi aliwafundisha wote watatu. Sita alishindwa na harufu ya gundi. Mfalme alijipiga pini ya stepla kwenye kidole gumba siku ya kwanza, akawaonyesha watu kile kidonda mwezi mzima. Binti wa katikati, fundi mwenyewe, ndiye aliyebaki. Alijifunza kuvuta ile mikanda mipana inayokaa chini ya kochi kubeba uzito, aivute mpaka ukiigonga kwa kidole inalia, kisha aisuke moja juu moja chini. Mwaka wa ishirini na mbili sasa. Mikanda hiyo mteja haioni. Mteja anaona kitambaa, anasifu kitambaa, anaondoka zake, na fundi hakuwahi kumnunia mtu kwa hilo.

Kilichomchefua hasa si kelele. Ni vitu walivyovijua. Sita alijua kwamba Jordan alivunjika mguu msimu wake wa pili, tena mguu wa kushoto, na mechi alizozikosa angekutajia moja moja usipomwahi. Mfalme alijua LeBron ana kilo ngapi. Lakini waulize mama yao anameza dawa gani asubuhi, uone watu wazima wanavyotazama dari.

Na mama mwenyewe alikuwa hajifichi. Alikaa na fundi ghorofa ya tatu, goti la kulia limelika mpaka mfupa unasuguana na mfupa, halikunjiki. Lifti ya jengo ilikufa zamani na hakuna aliyeizika. Kwa hiyo mama alikuwa akitazama mtaa kupitia dirishani, na miezi minane walisubiri nafasi ya kupasuliwa. Nafasi ilipotoka, hospitali ilisema wazi: alazwe Jumatatu, apasuliwe Jumanne, na asipoandikishwa kabla ya saa nane mchana jina lake linarudi mwisho wa foleni. Miezi minane mingine, au zaidi.

Fundi aliwaambia ndugu zake wiki nzima. Aliwaandikia kwa chaki ukutani karakana, juu kabisa ya kochi wanalolikalia: JUMATATU SAA SITA KAMILI, KUMSHUSHA MAMA. Sita aliweka mkono kifuani. "Dada, hilo usiliwazie kabisa. Mama ni wetu sote." Mfalme akaongeza kwamba yeye peke yake angetosha, kama asingekuwa anaheshimu wakubwa.

Jumatatu saa sita hapakuwa na mtu. Mama alikwisha kuvaa gauni lake la kutokea, amekaa kitako ukingoni mwa kitanda, mkoba mapajani. Saa sita na nusu fundi akapiga simu.

"Tuko njiani," Sita akasema. "Dakika mbili tu."

Nyuma yake fundi alisikia sauti ya Mfalme, imepanda juu: "Takwimu hazina shemeji, kaka!" Na nyuma ya sauti ya Mfalme alisikia feni yake mwenyewe, ile ya karakana, yenye panga moja linalokwaruza.

Alishuka ngazi zote sitini na mbili na kukata mtaa mbio. Aliwakuta palepale, kwenye kochi jeupe la mteja, na watazamaji watatu wamewazunguka. Maganda ya karanga yalikuwa yamejaa kwenye mikunjo ya kitambaa. Mfalme alikuwa amepanda juu ya kochi na viatu, mkono hewani, anaonyesha LeBron alivyoruka kuzuia mpira fainali moja, na kila akirukaruka mikanda ya fundi ilikuwa inalia chini kwa chini. Ukutani chaki ilikuwa palepale juu ya kichwa chake.

"Ngoja dada, ngoja," Sita akasema bila kumtazama. "Huyu mtoto anakufuru. Namalizia hoja tunatoka."

Fundi alisogea mpaka mbele ya kochi. Aliwatazama, mmoja ana kipara na mwingine kimeanza, mate yamewakauka pembeni mwa midomo, na aliona aibu kwamba ametoka nao tumbo moja. Alichukua mzingo mpya wa mkanda uliotundikwa ukutani, akauvaa begani, akatoka.

"Tunakuja nyuma yako!" Mfalme akapaza sauti.

Aliporudi kwenye jengo, ghorofa ya pili aligonga kwa jirani, mwanamke anayefua mashuka ya hoteli, mwenye mabega yasiyo na mchezo. Jirani alimsikiliza nusu tu. "Wale?" akauliza, akasonya sonyo refu, akafuta mikono. Wakapanda kwa mama, wakakichukua kiti cha jikoni, fundi akapitisha mkanda chini ya kiti mara mbili, akausuka moja juu moja chini kama anavyosuka kochi, akaacha vitanzi viwili vya kupita mabegani. Wakamkalisha mama, wakamfunga kiunoni kwa kanga mbili, na mguu mbovu wakaunyoosha juu ya kibao.

Walishuka. Jirani mbele, fundi nyuma, ngazi moja baada ya nyingine, kila ngazi mama anaguna. Mkanda ulimla fundi bega mpaka akahisi ngozi inafunguka. Kwenye kona ya ghorofa ya kwanza wakapumzika, na mama akainua uso.

"Wanangu wako wapi?"

"Wanakuja, Mama."

"Watakuwa wamebanwa na kazi, maskini." Alisema kwa huruma ya kweli kabisa, na jirani akageuza uso ukutani ili asicheke au asitukane.

Walifika hospitali saa nane kasoro dakika sita, kiti kikiwa kwenye buti ya teksi. Karani aliandika jina. Fundi alisimama dirishani kwa karani akilitazama jina lile mpaka wino ukakauka.

Saa kumi na moja, saa ya kutazama wagonjwa, aliwasikia kabla hajawaona. Walikuwa wanapanda ngazi za wodi wakibishana kama ubingwa wa zamani unalingana na wa sasa. Waliingia na ndizi. Mama aliwaona, uso ukamchanua jinsi ambavyo haukuchanua siku nzima. Akamgeukia mgonjwa wa kitanda cha jirani.

"Hawa ndio wanangu," akasema. "Ndio walionileta."

Fundi alikuwa amesimama hatua mbili kutoka pale, mkanda bado uko begani na damu kidogo imeingia kwenye blauzi. Alisubiri Sita aseme, hapana Mama. Sita alitabasamu tu, akaweka ndizi mezani.

"Mama ana bahati," yule mgonjwa akawaambia. "Anapasuliwa goti gani?"

"La kushoto," akasema Sita.

"La kulia," akasema Mfalme.

Wakatazamana. Na pale pale, mguu wenyewe uko mbele yao chini ya shuka, wakaanza. Sita alikumbuka vizuri mama alivyokuwa akichechemea mwaka ule wa harusi yake Sita. Mfalme akasema kumbukumbu si ushahidi. Fundi alifunga macho. Kama angekuwa na koleo angewang'oa kama sponji.

Nesi ndiye aliyewakata kauli. Alikuja na fomu, anataka majina ya watu watakaokuja kumchukua mgonjwa siku ya kutoka na kumfikisha nyumbani. Fundi akaipokea kalamu. Akaandika jina la Sita na namba yake ya simu, akaandika jina la Mfalme na namba yake. Jina lake hakuliandika. Alimsomea mama kwa sauti.

Mama akamshika kifundo cha mkono. Akamvuta mpaka sikio likafika mdomoni.

"Usinifanyie hivyo, mwanangu," akanong'ona. "Hawa wataniangusha."

Fundi alibaki ameinama. Kwa hiyo Mama alijua. Muda wote alikuwa anajua, na sifa akawapa wao. Kinyaa alichokuwa nacho kwa ndugu zake kikahamia kwa mama yake, kikamuuma zaidi kwa sababu huyu alikuwa anampenda.

"Sema kwa sauti, Mama," akasema. "Mbele ya huyu uliyemwambia. Sema nani alikuleta."

Mama aliangalia dirisha. Aliangalia ndizi. Fundi hakusogea, na nesi naye akasimama na fomu yake, maana mambo kama haya hayapiti wodini kila siku. Mwishowe mama akamgeukia yule mgonjwa.

"Aliyenishusha ni huyu," akasema. "Yeye na jirani. Hawa hawakuwepo."

Sita alitazama viatu vyake. Mfalme akazipanga upya ndizi mezani, na fundi alidhani pengine limewaingia.

Mfalme akakohoa. "Sawa, Mama. Leo ni dada, hatubishi," akasema. "Lakini ukiangalia kwa ujumla, yaani ukijumlisha miaka yote..."

"Ni kweli," Sita akadakia. "Mtu hapimwi kwa mechi moja."

Hawakuwahi kukubaliana jambo tangu utotoni. Wakakubaliana hilo.

Fundi alikwenda kukichukua kile kiti cha jikoni, walichompandishia mama wodini, kilichokuwa chini ya dirisha, akakibeba mpaka juu ya ngazi za wodi, akaupitisha mkanda chini mara mbili na kuusuka. Kisha akarudi mlangoni.

"Njooni," akasema.

Walikuja, kwa sababu wodi nzima ilikuwa inawatazama. Akampa kila mmoja kitanzi chake, akakaa kwenye kiti, akanyoosha mguu wa kulia kama wa mama.

"Mimi na Mama uzito wetu ni mmoja," akasema. "Nyumbani ni ngazi sitini na mbili, za kupanda. Hapa ni ishirini, tutazirudia kushuka na kupanda. Ninyanyueni."

Sita akacheka kidogo, akaona hakuna anayecheka naye. Wakainama, wakanyanyua. Kiti kiliyumba, Mfalme akatoa sauti kama mtu aliyekanyagwa. Kutoka kitandani mama alikuwa amenyoosha shingo, anawaangalia kupitia mlango ulioachwa wazi.

Kwenye ngazi ya tisa Sita aliomba waweke chini kwanza. Jasho lilikuwa linamdondoka puani.

"Bado hamsini na tatu," fundi akasema.