Mama aliacha chumvi ya duka, potasiamu ikapanda

Wakuu, nawasalimu kutoka Kibomet, Kitale. Haya niliyashuhudia mwenyewe, na mama ameniruhusu kuyaandika kwa sharti kwamba nisimfanye mjinga.

Mama anaishi Matulo. Figo zake zilipodhoofika, kliniki ilimwagiza apunguze nyama na aache chumvi.

Sababu ni hii: protini ikivunjwa mwilini huacha taka yenye nitrojeni, iitwayo urea, na figo ndizo huitoa. Figo hizo hizo husawazisha madini ya damu, yakiwemo sodiamu na potasiamu. Zikichoka, vyote hurundikana ndani.

Mama alitii kikamilifu. (Wanaomfahamu wanajua hilo si jambo la kawaida.) Urea ikashuka.

Kisha miguu ikamlegea, na mapigo ya moyo yakaanza kwenda kombo. Tukamkimbiza hospitali moja mjini Bungoma. Potasiamu ilikuwa juu kiasi kwamba moyo ungeweza kusimama wakati wowote. Akatiwa dawa mshipani.

Daktari akatuhoji. Ndizi? Parachichi? Machungwa? Dada yangu Nafula, ambaye humpikia, alikana yote, na alisema kweli.

Chakula cha wodini kikaletwa. Mama akaonja sukuma wiki, akaweka kijiko chini.

"Nafula, si ungenibebea musherekha kidogo. Hii mboga imepikwa na mtu ako na hasira."

Daktari akageuka. "Musherekha ni nini, mama?"

"Kwani wewe daktari ni wa wapi? Ni maji ya majivu ya maganda ya maharagwe. Tunalainishia mboga."

"Iko na chumvi?"

"Chumvi ni ile ya duka. Mlinikataza, nikaacha. Sasa Nafula ananiwekea hii, tena namwambia aongeze, ndio mboga iwe na ladha."

Nafula akatazama sakafu.

Wakuu, majivu ya mimea yana potasiamu nyingi. Tulikuwa tukimdhuru mama kwa utiifu.

Potasiamu ilishuka bila dayalisisi. Mama yu hai, na amenuna. Siku hizi mboga zake huchemshwa kwanza, maji yakamwagwa, ndipo zikapikwa. Musherekha ni marufuku.

Funzo langu ni kwamba daktari hukataza vitu kwa majina anayoyajua yeye. Mwelezeni kila kinachoingia sufuriani, hata kile ambacho kwenu hakiitwi chumvi.

Mwenye kujua namna ya kupika murenda (ile mboga inayoteleza) bila musherekha, mgonjwa akaumaliza, aandike hapa chini. Nitamsomea mama. Amekwisha kuniuliza mara mbili kama mmejibu.