Mkono Uliozoea Uzi

Jina la Kombora alipewa na watazamaji, enzi ambazo bega lake la kulia lilikuwa zima. Mpira ulitoka mkononi mwake kwa kishindo, ukavuka wavu kama kitu kilichotukanwa, na wapokeaji wa upande wa pili wakabaki kutazamana nani aufuate. Hizo zilikuwa enzi zake. Sasa wasichana wa timu ya mpira wa wavu ya kiwanda walilitamka jina hilo wakiwa wameshajiandaa kucheka.

"Jamani, tokeni njiani, Kombora anapiga!"

Mpira ulipaa, ukajizungusha hewani, ukaelekea nyuma ya kichwa chake. Akajipinda kuufuata, akaupata kwa chini, ukaenda kujigonga kwenye wavu na kushuka taratibu kama nguo iliyoanguka kutoka kambani.

"Baruti imelowa, mama," akasema msichana mmoja, kwa upole kabisa. Upole ndio uliomuuma.

Kiwanda kilikuwa cha uzi. Hakuna aliyelipwa kwa kucheza, lakini mchezaji alipata kitu ambacho wenzake walikitamani kila siku: kiti katika chumba cha lebo. Chumba kile kilikuwa na madirisha. Wanawake walikaa kuzunguka meza ndefu wakibandika karatasi kwenye vigurudumu vya uzi, wakapiga soga, na saa ya mazoezi ilipofika wakaruhusiwa kuondoka. Ng'ambo ya ua kulikuwa na ukumbi wa kusokotea. Humo madirisha yalizibwa ili upepo usikate nyuzi, na vumbi la pamba lilielea mchana kutwa bila kutua, likiingia puani, kwenye nyusi, ndani ya mkate uliofungwa vizuri mfukoni. Wanawake wa humo walizungumza kwa kupiga kelele, na hata nyumbani hawakuweza kuiacha sauti hiyo.

Kombora aliingia ukumbi ule akiwa msichana, na servisi, lile pigo la kuanzisha mchezo, ndiyo iliyomtoa. Kifua chake kilichukua muda mrefu kunyamaza. Wifi yake, dada wa marehemu mume wake, alitoka baada yake, naye kwa sababu ya mpira: hakukuwa na mtu wa kiwanda aliyepokea kama yeye, mikono imenyooka, magoti chini, mpira ukitoka kwake unakwenda kwa mpangaji, yule anayewainulia wenzake mpira wavuni, kama mtoto aliyetumwa. Lakini alitoka amechelewa. Kifua cha wifi hakikunyamaza kabisa. Asubuhi alikohoa akiwa bado kitandani, na mama yake, aliyelala chumba cha pili, alikuwa akisema kwamba kengele ya nyumba hii haihitaji kujazwa ufunguo.

Wanawake watatu, nyumba moja, na picha ya mwanamume mmoja ukutani. Ndivyo walivyobaki.

Habari mbaya ililetwa na kocha, ambaye saa za kazi alikuwa mkuu wa magari ya kiwanda na alizoea kutoa habari mbaya akitazama matairi. Alisimama kando ya uwanja, akatazama mstari wa chokaa.

"Mashine ya kubandika lebo inakuja," alisema. "Viti vinapungua. Timu inapungua. Jumamosi nitawapima wapigaji kwa servisi na wapokeaji kwa kupokea. Atakayebaki kwenye timu atabaki na kiti. Atakayetoka..." Akaonyesha ng'ambo ya ua kwa kidevu. Hakuna aliyehitaji kutazama.

Njiani kurudi nyumbani Kombora alitangulia hatua mbili. Wifi ndiye aliyeanza.

"Unawaza."

"Siwazi. Najua. Wewe uko salama, mimi ndiye wa kurudi kule."

"Basi nani kakuzuia kujifunza?"

"Kujifunza! Wifi, mimi nilianza kupiga servisi hao watoto hawajaota meno."

"Ndiyo shida yenyewe," akasema wifi. "Umeanza vibaya zamani sana."

Walikwenda nyuma ya ghala la kiwanda, ambako ukuta ulikuwa mrefu bila dirisha, jua la alasiri likiupiga ubavuni. Wifi aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akashika mbavu, akatazama. Kombora akapiga. Akapiga tena. Bega lilikuwa likimtoa machozi, naye alidhani kwamba tatizo ni hilo bega, kama kila mtu alivyodhani.

"Acha kupiga," wifi akasema hatimaye. "Rusha tu. Uache uanguke."

"Nirushe niuache?"

"Fanya kama ninavyokwambia, mke wa kaka yangu, kwa mara moja tu katika maisha yako."

Akaurusha. Mpira ukapanda ukijizungusha, ukaangukia nyuma ya kisigino chake. Akaurusha tena, ukaangukia palepale. Wifi akainuka, akamjia, akamshika kifundo cha mkono wa kushoto kama mtu aliyemkamata mwizi.

"Huu hapa. Tazama unachofanya mwishoni. Unaona? Unaunga uzi."

Kombora akautazama mkono wake. Ni kweli. Uzi ukikatika kule ukumbini, mkono wa kushoto unaudaka na vidole vinausokota kwa mpindo mmoja mdogo kuelekea mwilini, haraka kuliko jicho, na mashine haisimami. Aliufanya mpindo ule mpaka ukaacha kuwa kazi, ukawa sehemu ya mkono. Wakati wote huo alipokuwa akirusha mpira, vidole vilikuwa bado vinaunga uzi. Mpira ulipanda ukiwa umeshasokotwa, ukamkimbilia nyuma. Bega lake la ujana lilikuwa na nguvu za kuusamehe. Hili la sasa halikuweza.

"Kumbe nilitoka kule," alisema, "mkono ukabaki."

"Wote tuliacha kitu kule," wifi akajibu, na kikohozi kikamchukua maneno mengine.

Ndipo kazi ilipoanza upya, kama mtu anayefundishwa kutembea. Wifi alivua ndala yake akaiweka chini, hatua moja mbele ya bega la kulia la Kombora. Mpira uliorushwa uangukie juu ya ndala. Kiganja kiwe bapa, kama kimebeba sahani ya mchuzi uliojaa. Mkono unyanyuke kutoka begani, vidole vifunguke tu, visiongeze lolote. Mpira upande kidogo, usizunguke, chapa yake isomeke njia nzima. Halafu kiwiko cha kulia kiwe juu na nyuma, mguu wa kushoto uende mbele, kiganja kigumu kiugonge mpira katikati, na mkono usimame papo hapo.

"Usiusindikize!" wifi alikuwa akipiga kelele kutoka kwenye ndoo. "Unausindikiza mgeni? Ugonge uuache!"

Siku za kwanza ndala ilibaki salama. Kombora alikwenda nyumbani akirusha limau jikoni, na mama mkwe wake, ambaye masikio yake yalisikia alichotaka tu, akauliza kama mkwewe amerukwa na akili au amepata mchumba.

Kisha alasiri moja mpira ulipanda umetulia. Ulisimama hewani mbele ya bega lake, kimya, kama unaomngoja. Akaugonga akasimamisha mkono. Bega halikulia. Mpira ulikwenda bila kuzunguka hata kidogo, ukafika karibu na ukuta ukayumba, ukaenda kushoto kama uliobadili nia, ukaanguka ghafla. Kombora na wifi yake wakatazamana.

"Huo," wifi akasema polepole, "sijui ningeupokeaje."

Wakacheka mpaka wifi akalazimika kuushika ukuta.

Jumamosi uwanja ulijaa mapema. Kocha aliwapanga wapigaji upande mmoja, wapokeaji upande wa pili, na aliwaita wawili wawili, mmoja apige, mmoja apokee, mpangaji akisimama karibu na wavu ndani ya duara la chokaa. Mpira ukimfikia mpangaji bila yeye kutoka duarani, ni ushindi wa mpokeaji. Usipomfikia, ni wa mpigaji. Wasichana walipita, wengine wakicheka, mmoja akilia waziwazi. Kombora alikuwa akirusha mpira mdogo wa mawazo hewani kwa mkono wa kushoto, kiganja bapa, vidole vifunguke tu, na hakuona safu ikifupika mpaka akabaki peke yake. Ng'ambo ya wavu alibaki mtu mmoja.

"Haya," akasema kocha akitazama chokaa. "Nafasi imebaki moja. Malizaneni."

Wifi alikuwa ameshainama, mikono mbele, magoti chini. Uso wake haukuwa na kitu. Kombora akageuka.

"Kocha, nibadilishie mtu."

"Nani? Waliobaki ni ninyi."

"Huyu ni wifi yangu."

"Na mimi ni mjomba wa nani?" kocha akauliza, na baadhi ya watu wakacheka, kisha wakaacha.

Mpira wa kwanza Kombora aliubembeleza. Ulivuka wavu mwororo kama mto wa kulalia, wifi akaupeleka kwa mpangaji bila kusogeza mguu. Kocha akainua macho, kwa mara ya kwanza siku ile.

"Ule sikuuona. Mkipangiana, nawatoa wote wawili, na kiti nampa mtu mwingine. Nimeeleweka?"

Halafu sauti ya wifi ikatoka ng'ambo, ile sauti ya ukumbini, iliyozoea kushinda mashine.

"Piga kweli! Unamwonea huruma nani? Kaka yangu hakuoa mwanamke wa kupiga hivyo!"

Watu wakashangilia. Kombora aliurusha mpira. Ulipanda umetulia mbele ya bega lake, chapa ikisomeka, na kwa muda mfupi hakukuwa na kiwanda wala kiti wala wifi, kulikuwa na kile kitu cheupe kilichosimama hewani. Aliugonga akauacha. Wifi aliufuata vizuri, aliuwahi, mikono ilikuwa mahali pake hasa, na mpira ukayumba ukamgonga bega ukatoka nje.

Wa pili ulianguka mbele yake alipokuwa akirudi nyuma. Wa tatu aliugusa kwa vidole. Kila alipojitupa alichelewa kuinuka, na alipoinuka alipumua kwa mdomo, mkono mmoja mbavuni, kisha akainama tena na kunyoosha mikono, kama alivyofanya maisha yake yote. Hakupunguza lolote. Kila mtu aliyekuwapo aliliona hilo. Kombora naye hakupunguza.

Jambo ambalo baadaye lilimkosesha raha, na ambalo hakuwahi kumwambia mtu, ni kwamba mkono wake ulifurahi. Moyo ulikuwa ukivunjika vizuri tu, kama inavyostahili, lakini mkono haukujua. Ulikuwa umepata kitu ulichokitafuta tangu ujanani, nao ukakifanya tena na tena mbele za watu, kwa furaha ya mnyama aliyefunguliwa. Alipoambiwa inatosha, alikuwa ameshaushika mpira mwingine.

"Kombora amebaki," kocha akasema, akaondoka kwenda kwenye magari yake.

Nyumbani mama mkwe alikuwa mlangoni.

"Nani kashinda?"

"Mkweo kashinda, mama," wifi akasema akivua viatu. "Ungemwona. Alinichezesha kama kuku."

"Na wewe?"

"Mimi narudi nilikotoka."

Safari hii masikio ya mama mkwe yalikuwa yamesikia. Alimtazama binti yake, akamtazama mke wa mwanawe, akaonekana kutafuta lile la kumlaumu mmoja wao, asilipate. Akaingia ndani kuwasha moto. Kombora alibaki uani, mikono yote miwili ikining'inia, hajui aiweke wapi.

"Ningeupiga nje ule wa pili," alisema.

"Kocha angetutoa wote."

"Ningejifanya bega limeuma."

"Wifi," dada wa mumewe akasema, bila hasira, kwa uchovu tu, "umejifunza. Sasa usinifanye nijute kukufundisha. Nimeshachoka, sina nafasi ya hilo nalo."

Jumatatu walitoka pamoja kama siku zote. Ndani ya lango njia iligawanyika, na wafanyakazi waliwapita pande zote mbili wakiwahi honi ya zamu. Wifi alitoa kitambaa mfukoni, akakikunja mara mbili, akajifunika pua na mdomo. Mikono yake, yenye michubuko ya Jumamosi, haikufika vizuri nyuma ya kichwa. Alijaribu, akashindwa, akageuza mgongo.

Kombora akashika zile ncha mbili. Akafunga fundo.

"Kaza," wifi akasema ndani ya kitambaa.

Akakaza.

"Kaza zaidi. Vumbi lile unalijua."

Akakaza mpaka nywele zikanaswa ndani ya fundo, na wifi hakulalamika. Kisha honi ikalia, naye akavuka ua.