Fundi Anakwenda kwa Wakwe

Fundi cherehani hushona akiwa na pini mdomoni, na mama aliyeleta sare ya bintiye humhofia asije akazimeza. Tangu fundi aozeshe mwanawe ng'ambo na kualikwa huko, hampimi mtu kiuno bila kumsimulia wafalme na mito ya nchi ya wakwe. “Nisiende kuumbuka, shoga.” Leo mkwe mwenzake amepiga simu, mwanawe fundi akitafsiri: mkwe naye anasoma habari za kwao fundi, je, mto wao mrefu kuliko yote ni upi? Fundi akatema pini zote, akaifunika simu kwa sare. “Shoga, ni upi?” Mama akatikisa kichwa. Fundi akaifunua simu, tabasamu hadi masikioni. “Mkwe, jibu nakuja nalo kama zawadi!” Kisha akamnong'oneza mama: “Kamwite binti, aje na kitabu cha shule. Sare yake namaliza leo leo!”