Unyasi wa Kona na Jaruba la Bi Nyamizi

Ilikuwa saa nane na dakika arobaini mchana, mwanangu, mvua ya kwanza ya msimu ilipoanza kupiga paneli za umeme wa jua kule kwenye mwinuko, nje kidogo ya Igalula. Saa naikumbuka kwa sababu niliiandika kwenye daftari, kama nilivyoandika kila kitu enzi hizo. Nilikuwa na miaka thelathini na minne, nimeishia kidato cha nne, mengine nimejifundisha mwenyewe kwa vitabu vya kuazima. Nilijiona msomi. Aibu yangu inaanzia hapo.

Nilikuwa msimamizi wa kuandaa eneo la kuwekea paneli hizo. Karatasi ya kazi ilikuwa na sentensi moja tu iliyonihusu: eneo lisafishwe kabla ya kusimamisha nguzo. Aliyeiandika alitaka miti na visiki vitolewe, majani yafyekwe yabaki mafupi. Mimi nililisoma neno hilo kama tunavyolisoma nyumbani. Unajua kwetu ua safi ni upi: ule usio na unyasi hata mmoja, uliofagiwa mpaka ardhi imekuwa ngumu kama sakafu, maana penye majani hukaa nyoka. Sikumuuliza mtu. Nilimwita Shija, dereva wa greda, tukakwangua mwinuko mpaka udongo wa juu na mizizi yake vikawa marundo kando ya uzio. Shija, mtu wa utani, alisema hapo hata nyoka akipita ataomba maji ya kunywa.

Chini ya mwinuko, kwenye mbuga ya udongo mweusi, palikuwa na jaruba la mpunga la Bi Nyamizi. Alikuwa mjane, na jaruba lile ndilo lililomlisha. Siku ya tatu ya kukwangua alikuja kusimama kwenye uzio. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akatazama greda kwa muda.

"Baba," akaniuliza, "hapa unasafisha au unachuna?"

Vibarua walicheka. Nikajibu kwa sauti ili wote wasikie kwamba hiyo ni kazi ya kitaalamu, hapo hatulimi, tunavuna jua.

"Na mvua ataivuna nani?" akasema, akashika njia yake.

Sasa nikueleze mvua ilivyofanya, maana niliitazama nikiwa na daftari mkononi. Paneli ni kama bati lililoinama. Maji yanayoanguka juu yake yote hukusanyika na kumwagika kwenye mstari mmoja, kwenye ukingo wa chini. Juu ya majani maji hayo huvunjika nguvu, mizizi huyashika, yakanywewa na udongo. Juu ya udongo uliochunwa hayakupata wa kuyashika. Yalichimba mtaro chini ya kila safu, mitaro ikakutana, ikashuka. Kabla ya saa kumi jaruba la Bi Nyamizi lilikuwa limefunikwa na mchanga mpaka magotini.

Ila palikuwa na kona moja. Siku ya mwisho ya kukwangua greda liliishiwa dizeli kabla ya kuifikia, na safu mbili za paneli zikasimamishwa juu ya majani yake ya asili. Nilikwenda kuziangalia jioni ileile. Hapakuwa na mtaro. Nilichoma kijiti ardhini, kikazama urefu wa kiganja kwenye udongo laini, uliolowa. Kwenye safu zilizokwanguliwa kijiti kilikwama baada ya urefu wa kucha moja; maji yalikuwa yamepita juu na kwenda zao. Kwa hiyo, mwanangu, usije ukanitetea kwamba sikujua. Nilijua siku ileile, kwa kipimo cha mkono wangu mwenyewe.

Kesho yake nikaambiwa wakaguzi wanakuja. Niliwaza kazi yangu, nikawaza kicheko cha vibarua. Nikamwagiza Shija achukue jembe, aparue ile kona mpaka ifanane na kwingine. Alisimama ameshika mpini, safari hii bila utani.

"Bosi, yale majani ndiyo shahidi wa yule mama."

Nikamwambia aparue. Akaparua. Kisha nikaandika kwenye ripoti sentensi moja: mchanga umeletwa na njia ya ng'ombe iliyo kando ya jaruba. Wakaguzi waliisoma, wakatia sahihi, wakaondoka. Bi Nyamizi hakupata fidia yoyote. Nilipokutana naye stesheni nilijifanya natazama treni.

Misimu miwili ilipita kabla sijaenda kwake. Nilimkuta anachimba viazi vitamu juu ya mchanga ule, kwa kuwa mpunga haukukubali tena. Nilimweleza yote, ya kona na ya ripoti. Hakushangaa.

"Nilijua tangu siku ile. Njia ya ng'ombe ina udongo mweusi. Mchanga ulionijia ni mwekundu, wa juu kule. Uliwaandikia watu wasiojua rangi ya udongo."

Kisha akanikaribisha viazi. Sijawahi kula chakula kizito kama kile.

Nilipeleka barua ya kusahihisha ripoti, na usimamizi nikanyang'anywa, kwa haki. Yeye aliniambia fidia ije baadaye, nianze na majani. Tukarudisha marundo ya udongo chini ya paneli, mimi na Shija, kwa toroli. Majani yalichelewa, yakaja. Leo, kiangazi kikikaza, chini ya kivuli cha paneli hubaki kijani wakati nje ya uzio kumekauka, na kondoo huyala majani yasirefuke mno. Lakini ile kona, iliyokuwa nzima bila gharama yoyote, mpaka sasa haijawa kama ilivyokuwa.

Nakuomba hivi. Ukipewa kazi kwenye ardhi, liulize neno uliloandikiwa kabla hujaliwekea maana ya kwenu. Jua tunalivuna hewani, ila nguzo zimesimama kwenye udongo wa watu, na jirani wa chini ndiye hupokea unachokosea juu. Ukikosea, acha majani ya kona yasimame, hata kama yanataja kosa lako. Mungu akupe jicho la kujua rangi ya udongo na mkono usioogopa kuandika ukweli, na wa chini yako wavune.

Magunia kumi na mawili ya mpunga aliyoyakosa Bi Nyamizi kwa misimu yote miwili, gunia moja kwa elfu sitini. Hasara ya sentensi yangu moja ilikuwa shilingi laki saba na ishirini elfu.