Chatu wa Shimo la Muhanga

Mwanangu, ile siku ya mashindano ya ngoma pale Ibadakuli naikumbuka mpaka leo, na kila nikiikumbuka nainamisha uso.

Nilikuwa kijana wa ngoma ya nyoka, ile ya kucheza na chatu hai, maneno mengi, ujuzi kidogo. Mzee Masanja, mwalimu wetu, alinikataza kukamata chatu peke yangu. Lakini wapinzani walikuwa wametamba mno, nami nikataka kuwafunga midomo. Nikaingia porini nyuma ya Maganzo, nikamkuta chatu jike kwenye shimo la muhanga, yule mnyama mla mchwa, amejizungusha, hakimbii. Nikajisifu kwamba ananiogopa. Nilipomvuta nikayaona mayai chini yake, meupe, yameshikana. Nikajiambia nyoka hana uchungu wa mwana, nikamtia guniani.

Nilipomtoa uwanjani, watu walinishangilia, wee! Mzee Masanja hakupiga makofi. Alimpapasa yule chatu ubavuni.

“Ngozi imelegea. Huyu ametoka kutaga. Mayai umeyaacha wapi?”

“Sikuona mayai, mzee,” nikasema, mbele ya watu wote.

Siku mbili nilikula sifa zangu, hazikushuka kooni. Ya tatu nikaenda kwake nikakiri. Alikuwa anakula; aliinuka na tonge mkononi, tukabeba gunia la chatu tukaondoka. Njiani akaniambia chatu jike akiatamia mayai hali kitu. Anakaa na njaa miezi, hutoka kuota jua tu, kisha anarudi kuyapa mayai joto la mwili wake.

Tuliyakuta mayai yamebonyea, siafu wanaingia na kutoka. Tulipomfungulia, alikwenda moja kwa moja, akayazungukia yale yale, akalaza kichwa juu. Mzee akageuka pembeni. Angenichapa ningeshukuru.

“Ungesema juzi,” aliniambia, “labda mengine yangepona.”

Alinituma kumwangalia kila asubuhi. Kwa siku tano nilimkuta ameyakumbatia, na harufu imeshaanza. Ya sita hakuwepo. Aibu ile, mwanangu, haijanitoka.

Kwa hiyo sikiliza. Ukimwona mtu ametulia mbele yako, usidhani umemshinda. Huenda ana kitu anakilinda. Na ukikosea, sema siku hiyohiyo, hata kama umati unakutazama. Mimi nilichelewa siku mbili tu.

Mungu akupe ulimi mwepesi wa kukiri, na watoto wako wasikose joto lako.