Kisima Chetu na Shimo la Jirani

Katika mtaa wetu wa Kolwezi, mtu hachimbi choo kabla ya kujua kama chini kuna kobalti. Jirani yetu, mchimbaji, alitoboa sakafu ya chumba chake cha kulala akashuka humo na wenzake. Walifuata mawe chini kwa chini, wakapita chini ya ukuta, wakafika kwetu. Tukiwa mezani tulisikia tindo zikigonga chini ya miguu yetu. Mama alifoka, jirani akamtuliza kwa gunia la unga, nasi tukala ule bukari, ugali wa unga wake, bila aibu.

Mawe yalipokwisha, jirani aligeuza shimo kuwa choo.

"Shimo iko tayari, mama," alimwambia mama yangu. "Juu ya nini nichimbe ingine?"

Mtaa mzima ulifanya hivyo hivyo. Kisima chetu kilikuwa karibu na ukuta, na zile njia za chini hakuna aliyezifukia. Kiangazi kilipokaza, maji ya kisima yalishuka, yakabadilika rangi. Tuliyachuja kwa kitambaa, tukanywa. Tungekunywa nini kingine?

Kolera, yaani kipindupindu, ilianza kwa jirani. Wakaja watu wa afya na kipaza sauti.

"Munawe mikono na sabuni! Mutokoteshe mayi!"

Mama, siku hiyo bado mzima, jikoni hana mkaa, aliwauliza kutoka mlangoni: "Na makala ya kutokotesha, mutatuletea?"

Walicheka kidogo, wakaendelea na safari. Hawakuwa watu wabaya, lakini niliwachukia, na bado nawachukia. Ng'ambo ya uzio wa kampuni ya mgodi, kwenye nyumba za wakubwa wake, mabomba yalitoa maji mchana kutwa, na huko sikusikia mtu akipigiwa kelele. Kolera wanaiita ugonjwa wa uchafu. Mama yangu alifagia uwanja wake mpaka majirani wakamtania kwamba anatafuta kobalti kwa ufagio.

Ugonjwa ulipomshika mama, ulimkausha kati ya alfajiri na saa za soko. Nilimpakia kwenye pikipiki, dereva mbele, mama katikati, mimi nyuma nikimshikilia, tukakimbilia hema la wagonjwa. Macho yake yalikuwa yameingia ndani. Alitaka maji tu, na chupa niliyobeba ilikuwa ya kisima kile kile. Nikamnyima.

Kwenye barabara ya malori ya madini tulikwama. Lori la tangi la kampuni lilikuwa mbele yetu, likimwagia barabara maji ili vumbi lisipande. Lilikwenda polepole, limejaa njia nzima, na dereva wetu alipiga honi bure. Maji yalifurika mpaka mtaroni. Mama alifumbua macho.

"Ile mayi iko ya nani?"

"Iko ya barabara, mama."

Tulipofika hemani, magurudumu ya pikipiki yalikuwa yakidondosha maji, na mama alikuwa ameshakata roho.